Kabla hujatuma hela ya kiwanja, uliza ramani inasema nini

Maswali mengi tunayoletewa hapa ni ya makato: duka gani la kutumia pesa lina kiwango kizuri leo, benki gani haikati sana, je, nitume kwa simu au kwa akaunti. Ni maswali mazuri na tutaendelea kuyajibu. Lakini tukikaa na daftari la mtu tukafuata hela yake hadi ilikoishia, mara nyingi hasara kubwa haipo kwenye makato. Ipo kwenye kiwanja. Mtu anabishana na wakala kwa nusu riali, halafu wiki hiyohiyo anatuma riali mia saba kununua ardhi ambayo hajui Serikali imeipangia nini.

Msimamo wetu tuuseme mapema. Kwa mfanyakazi aliye nje, mpango wa matumizi ya ardhi ni jambo la hesabu kabla halijawa jambo la siasa. Na Serikali, ambayo haichoki kuwasifu Watanzania wa nje kwa fedha wanazotuma, bado haijawawekea njia rahisi ya kujua kipande wanachonunua kimepangwa kuwa makazi, barabara, shule au bonde la maji. Wa kulaumiwa wapo pande zote mbili, ila si kwa uzito sawa.

Tuanze na hela yenyewe. Tuchukulie dada yetu wa kazi za ndani Muscat anapata riali 90 kwa mwezi na anatuma nyumbani 60. Mkataba ni wa miaka miwili, yaani miezi 24. Jumla ni riali 1,440. Kwa hesabu rahisi tuseme riali moja ni shilingi 6,500 (wewe angalia kiwango cha siku), ni shilingi 9,360,000. Toa ada za shule za watoto, toa dawa za mama, toa msiba mmoja na harusi moja, maana havikosi. Kinachobaki kwa kiwanja labda ni nusu. Kwa hiyo kiwanja cha milioni nne na nusu si "kiwanja cha bei rahisi" kama dalali anavyosema. Ni mwaka mzima wa kuamka alfajiri na kulala baada ya wageni wa bosi kuondoka. Kaka wa saiti Doha au Riyadh hesabu yake haiko mbali na hiyo.

Sasa kitu hicho kinachobeba mwaka mzima wa maisha kinanunuliwaje? Kwa picha tatu za WhatsApp, sauti ya dalali, na karatasi yenye muhuri wa serikali ya mtaa.

Huo muhuri tuuzungumzie kidogo, maana ndio unaotuliza mioyo ya watu. Mwenyekiti wa mtaa anashuhudia kwamba fulani amemuuzia fulani. Basi. Hagawi ardhi, hapangi matumizi ya ardhi, hapimi, na hana ramani ya mipango miji ofisini kwake. Ile asilimia kumi anayodaiwa mnunuzi katika mitaa mingi ili muhuri ugongwe haina sheria nyuma yake, ni mazoea. Muhuri unaweza kukusaidia siku mkigombana na muuzaji, utaonyesha mliuziana. Hautakusaidia siku ofisa wa barabara atakapokuja na rangi.

Nani basi anapanga? Kwa Tanzania Bara, ardhi yote ni ya umma chini ya Rais kama mdhamini, na sheria mbili za 1999, Namba 4 ya Ardhi na Namba 5 ya Ardhi ya Vijiji, zimeigawa katika makundi matatu: ardhi ya jumla, ardhi ya vijiji na ardhi ya hifadhi. Mwaka 2007 zikaja sheria nyingine mbili, ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi Namba 6 na ya Mipango Miji Namba 8. Kijijini mpango unapitia halmashauri ya kijiji na mkutano mkuu wa kijiji, mjini unatoka halmashauri ya mji au manispaa. Unaponunua "shamba" Mkuranga, Kibaha au Bagamoyo kwa nia ya kujenga nyumba, unanunua sehemu ambako mji unakuja kasi na makundi hayo yanagongana. Muuzaji anaita shamba, dalali anaita kiwanja, na mchoro wa manispaa pengine unaita eneo la shule. Neno linalolipa au kukuumiza ni hilo la kwenye mchoro.

Hatuzungumzii mambo ya kufikirika. Mwaka 2017, kwa ajili ya upanuzi wa Barabara ya Morogoro, nyumba zaidi ya elfu moja zilibomolewa kuanzia Kimara kwenda Kiluvya. Wengi nchini wanajua kwamba barabara kuu ina hifadhi ya mita 30 kila upande kutoka katikati. Mtu akipima mita 30, au hata 60, anajiona yuko salama. Lakini kipande kile kilikuwa na hifadhi ya mita 121.5 kila upande, iliyowekwa na sheria za zamani. Serikali ikasema waliojenga humo wamejenga ndani ya hifadhi ya barabara, kwa hiyo hakuna fidia. Palikuwa na watu wenye umeme wa TANESCO na maji ya DAWASCO, waliokaa hapo miaka na miaka bila kuambiwa kitu. Bomba la maji si hati, na luku si ruhusa ya kuwa pale. Hilo linauma lakini ndivyo lilivyo.

Kwa wasiojua: X nyekundu ukutani maana yake umeingia kwenye hifadhi na hulipwi. X ya kijani maana yake hifadhi ndiyo iliyokufuata wewe, hasa baada ya Sheria ya Barabara ya 2007 kuongeza upana kutoka mita 22.5 hadi 30, na hao wanastahili kulipwa. Rangi tu ya kopo, na maisha mawili tofauti kabisa.

Mabondeni ni hivyohivyo. Sheria ya Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ufukwe wa bahari. Desemba 2015 nyumba za Bonde la Msimbazi zilivunjwa mvua zikiwa karibu. Viwanja vya namna hiyo bado vinauzwa, na vinauzwa kiangazi, wakati pakavu. Mtu aliye nje hawezi kuona maji kwenye picha iliyopigwa mwezi wa nane.

Kuna hasara nyingine ndogo ndogo ambazo hazipigi kelele. Chukua kiwanja cha mita 20 kwa 20 katika eneo ambalo halijapimwa, au skwata kama tunavyosema. Ni mita za mraba 400. Baada ya miaka michache unakuja urasimishaji, mtaa unapangwa upya huku nyumba zikiwa zimeshasimama, na kila mmoja anatoa kipande ili barabara ipite. Ukitoa mita 3 upande mmoja umepoteza mita za mraba 60, asilimia 15. Ukiwa wa kona ukatoa mita 3 pande mbili, unabaki na 17 kwa 17, yaani 289. Umepoteza 111, karibu asilimia 28. Kwa kawaida hapo hakuna fidia, unaambiwa ni mchango wako kwa mtaa, na kweli barabara hiyo itapandisha thamani ya kilichobaki. Lakini kama ulishajenga uzio na choo kwenye hizo mita 3, gharama ya kuvunja ni yako. Sisi tunaofanya hesabu tunaliandika hilo kama sehemu ya bei ya kununua. Kiwanja cha milioni nne na nusu kinachokatwa robo kilikuwa cha milioni sita tangu siku ya kwanza, ila hukuambiwa.

Hapa ndipo wengine hutuambia: basi nunueni vilivyopimwa tu, mnalalamika nini? Ni jibu la mtu asiyejua mshahara wa riali 90. Watu hawanunui skwata kwa ujinga. Wananunua kwa sababu skwata inauzwa kidogo kidogo, muuzaji anasubiri, anapokea laki tatu mwezi huu na laki mbili mwezi ujao. Kiwanja cha halmashauri kinataka fomu, kinataka malipo ndani ya muda mfupi, na ukichelewa kinaenda kwa mwingine. Mfanyakazi wa ndani ambaye bosi wake anachelewesha mshahara miezi miwili hawezi kushindana na mfanyabiashara wa Kariakoo kwenye dirisha hilo.

Mradi wa Viwanja 20,000 ulioanza Dar es Salaam mwaka 2002 ni somo zuri. Kibada, Mbweni, Bunju, Toangoma, Gezaulole, Buyuni, vilipimwa vikauzwa. Kama kazi ya kupanga mji, ilikuwa nzuri. Leo ukienda Kibada unaona barabara zilizonyooka na nafasi ya kupita gari la zimamoto. Kama kazi ya kumpatia ardhi mtu wa kipato cha chini, hapana. Wenye hela walichukua, viwanja vingine vikakaa miaka bila kujengwa vikisubiri bei ipande. Mtu wa chini akasogea mbele zaidi, kwenye skwata mpya, ili miaka kumi baadaye arasimishwe. Dar es Salaam ilikaa na mpango kabambe wa 1979 kwa miaka mingi baada ya muda wake kwisha, mji ukakua maradufu na maradufu, na inakadiriwa zaidi ya asilimia 70 ya wakazi wako kwenye makazi yasiyopangwa. Ikifika asilimia 70, haiwezi tena kuitwa tabia ya wananchi wakaidi. Hao wamepanga wenyewe kwa sababu aliyepaswa kupanga hakufika.

Na siku aliyepaswa kupanga akifika bila pesa, nayo ni balaa. Waulizeni watu wa Kigamboni. Mwaka 2008 ilitangazwa kwamba pale patakuwa mji mpya wa kisasa. Wakazi wakazuiwa kuendeleza maeneo yao, wasijenge, wasipanue, wasubiri. Wakasubiri. Miaka ikapita, wakala ukaundwa kusimamia mji huo, baadaye wakala wenyewe ukavunjwa na kazi ikarudi manispaa. Fikiria mtu aliyenunua Kigamboni 2007 kwa hela ya kazi ya Dubai. Hakubomolewa, hakufukuzwa, hakulipwa. Hela yake ilifungiwa tu, haizai, haijengi, na haiuziki kwa bei ya maana. Kwenye vitabu vyetu hiyo ni hasara, hata kama hakuna tofali lililoanguka. Sheria ya Uthamini ya 2016 iliweka ukomo fulani: uthamini wa fidia unakaa miaka miwili, na malipo yakichelewa zaidi ya miezi sita yanadai riba. Ni hatua nzuri, lakini inamsaidia aliyekwisha kufanyiwa uthamini. Aliyezuiwa tu kwa tangazo anabaki na tangazo lake.

Ndiyo maana tulifuatilia kwa hamu Sera ya Taifa ya Ardhi ya 1995 Toleo la 2023, iliyozinduliwa Dodoma Machi 2025. Sera si sheria, ni ahadi ya mwelekeo, na ahadi zinahitaji kusukumwa. Sisi tungesukuma mambo matatu.

La kwanza ni ramani. Michoro ya mipango miji iliyoidhinishwa iwekwe mahali ambapo mtu mwenye simu Muscat anaweza kuweka alama ya GPS aliyotumiwa na dalali akaona rangi: makazi, biashara, eneo la wazi, hifadhi ya barabara. Mfumo wa Tausi tayari unamwezesha mtu kuomba kiwanja cha halmashauri kwa intaneti, na Wizara ina e-Ardhi. Kwa hiyo mashine zipo. Kinachokosekana ni kuamua kwamba ramani ni ya mwananchi, isiwe siri ya faili ambayo lazima umjue mtu ndipo ifunguliwe. Mara ngapi tumesikia ofisa ameuza "maelezo" ya mchoro kwa dalali kabla mwenye ardhi hajajua? Ramani ikiwa wazi, biashara hiyo inakufa yenyewe.

La pili ni muda wa kulipa. Halmashauri itenge sehemu ya viwanja vya kulipiwa kwa miezi 24, sawa na mkataba wa kazi wa Ghuba, kwa namba ya malipo ya Serikali, kila mwezi kiasi kilekile. Anayeshindwa arudishiwe hela yake ikikatwa gharama inayojulikana mapema. Hakuna sadaka hapo. Ni kuuza kwa mteja kulingana na mapato yake, jambo ambalo kila muuza makochi Manzese analijua. Wapo watakaosema halmashauri inahitaji pesa taslimu ya kupima eneo linalofuata. Sawa, lakini iuze nusu kwa taslimu na nusu kwa awamu. Benki pia zingeweza kuingia hapo kama zingeacha kumwona dada wa kazi za ndani kama mtu asiye na kipato.

La tatu: eneo likizuiwa kuendelezwa, zuio liwe na tarehe ya mwisho. Tarehe ikifika bila fidia, zuio life. Tusirudie Kigamboni.

Wakati tunasubiri hayo, hela yako haisubiri, kwa hiyo fanya hivi. Usitume hata arubuni kabla hujapata namba ya kiwanja na kitalu kama kimepimwa, au alama za GPS za kona zote nne kama hakijapimwa. Mlipe mpimaji aliyesajiliwa, ambaye hukuletewa na dalali, aende ofisi ya mipango miji ya manispaa akaulize matumizi ya hapo, akurudishie jibu kwa maandishi. Kama kina hati, fanya upekuzi kwa Msajili wa Hati uone jina la mmiliki na kama kuna mkopo juu yake. Uliza kodi ya pango la ardhi imelipwa hadi lini, maana deni linafuata kiwanja, halimfuati muuzaji. Gharama ya yote haya ni ndogo sana ukilinganisha na bei ya kiwanja. Dalali akikwambia kuna mteja mwingine kesho asubuhi, mwachie huyo mteja.

Jina nalo. Mkataba wa mauziano uandikwe jina lako kama lilivyo kwenye pasipoti, siyo la kaka "kwa muda". Kama mtu atasaini kwa niaba yako, mpe hati ya uwakilishi inayotaja kiwanja hicho na kazi hiyo tu, ithibitishwe ubalozini. Tunajua kumwambia mdogo wako hivyo kunaonekana kama humwamini. Mwambie ni sharti la mhasibu. Tutabeba lawama hiyo.

Wazanzibari, kumbukeni ardhi si jambo la Muungano. Sheria yenu ni ya 1992 na ofisi yenu ni Kamisheni ya Ardhi kule Unguja na Pemba. Karatasi za Bara hazitumiki huko, wala za huko hazitumiki Bara. Wakenya mnaotusoma, ninyi mna Ardhisasa tangu 2021 kwa maeneo yaliyoingizwa, na ardhi ya kilimo inahitaji kibali cha bodi ya kudhibiti ardhi. Lakini Syokimau mwaka 2011 watu walikuwa na karatasi mikononi na nyumba zikabomolewa, ikidaiwa ardhi ni ya uwanja wa ndege. Kwenu pia swali ni lilelile, hapa pamepangiwa nini, na aulizwe anayetunza mpango, siyo anayeuza.

Na wewe uliyekwisha kununua kwenye skwata, usiuze kwa hasira. Tafuta kama mtaa wako una mchoro wa urasimishaji. Ukiwepo, lipa mchango wako kwa risiti upate mawe yako ya mpaka. Usipokuwepo, uliza kama leseni ya makazi inatolewa hapo. Ni ya muda, haizidi miaka mitano na inahuishwa, lakini ni bora kuliko muhuri peke yake. Ukianza kujenga, sogeza nyumba ndani mita 3 kutoka kila njia ya mguu, maana njia ya mguu leo ndiyo barabara ya kesho. Choo na shimo lake viwe nyuma, mbali na njia. Uzio acha kwanza, panda michongoma, tofali zitanunuliwa siku mawe ya mpimaji yatakapokuwa chini.